Jina Ndani ya Redio ya Mbao

Shemeji yangu Joackim Mgaya alikuwa fundi redio pale Makambako, na nitasema wazi bila kumung'unya maneno: hakuwa fundi, alikuwa mlipuaji wa kazi. Ukimpelekea redio ya zamani, zile za mbao zenye kitambaa mbele na taa za kioo ndani, anaitoa utumbo wote, anachomeka kadi ya Kichina ya bluetooth, anapiga gundi, anapaka vanishi, kisha anakuambia, "Imerudi ilivyotoka kiwandani." Funika kombe mwanaharamu apite, ndiyo ilikuwa kazi yake. Dada yangu Fidelia, mkewe, alikuwa fundi cherehani asiyeacha hata uzi mmoja ukining'inia. Alikuwa akimtazama tu na kutikisa kichwa.

Jumatatu moja ya mwezi wa saba, ukungu umeshuka mpaka barabarani, bibi mmoja aliteremka kwenye basi la Njombe na redio ya mbao imefungwa kwenye kitenge. Jina lake Letisia, wa kijiji cha Yakobi, mjane wa mzee Masumbuko aliyekuwa fundi redio misheni.

"Kamwene," alisalimu kwa Kibena. "Ndiyo wewe Joackim?"

"Ndiye mimi, bibi."

"Ifanye kama unavyofanya zote."

Mjinga yule akadhani amesifiwa. Akaipokea kwa mikono miwili.

Alipofungua mgongo wa redio alikuta majina manne ya mafundi kwenye mbao, kwa penseli. Ni desturi ya mafundi wa zamani: ukiridhika na kazi yako, unaacha jina lako ndani. La mwisho lilikuwa la Masumbuko. Kila jina lilikuwa na mwandiko wake, lakini tarehe zilizofuata majina zilikuwa za mkono mmoja, kila saba imekatwa kistari katikati. Joackim hakujiuliza. Alipiga msasa mpaka mbao ikawa nyeupe, akaandika JOACKIM kwa maka peni nyeusi. Taa na koili akawapa watu wa vyuma chakavu. Alibakiza spika peke yake, na karatasi yake iliyopasuka akaipiga gundi tu.

Jumatano Bibi Letisia akarudi. Joackim akaiwasha, muziki ukalipuka hapo hapo. Bibi akatabasamu, mara ya kwanza na ya mwisho. Kisha akageuza redio, akachungulia mgongoni, na tabasamu likakatika.

"Nani alikuambia uandike jina?"

"Si desturi, bibi?"

"Desturi ya mafundi. Wewe ni fundi?" Akakunja kitenge chake. "Siichukui. Hii hukaa kwa aliyeandika jina. Mungu akusaidie, maana mimi siwezi."

Akaondoka. Joackim akasonya, akaipeleka redio nyumbani na kuiweka juu ya kabati, bila kuichomeka kwenye umeme.

Saa kumi alasiri siku hiyo hiyo, akiwa peke yake sebuleni, alisikia harufu ya vumbi linaloungua. Wanaozijua redio za taa wanaijua harufu hiyo. Zile haziongei ukiziwasha. Husubiri kama nusu dakika, zipate moto kwanza. Lakini hii haikuwa na taa hata moja. Waya wake ulikuwa umening'inia hewani. Kioo cha namba kikawa cha njano. Ikasubiri. Ikapata moto. Kisha sauti ya mwanamume, ya taratibu, ile tuliyokua nayo wote tukisikiliza matangazo ya vifo.

"Fundi Joackim Mgaya wa Makambako anasikitika kutangaza kifo cha..."

Spika ikakwaruza. Krrr. Krrr.

"...kilichotokea ghafla siku ya Ijumaa. Mazishi ni Jumamosi, saa nane mchana. Habari ziwafikie ndugu, jamaa na marafiki, popote walipo."

Kioo kikazimika. Joackim akaanza kuhesabu watu wake. Kifo cha nani? Alikuwa na mke. Alikuwa na binti, Eveline, anayesoma bweni kule Kidugala. Alikuwa na mama. Jina lilikuwa limemezwa na gundi yake mwenyewe.

Alhamisi akaishusha redio, akaongeza gundi juu ya gundi. Ndivyo alivyojua. Saa kumi ikasema tena, ikakwaruza pale pale, na safari hii Fidelia alikuwa mlangoni na alisikia kila kitu.

"Baba Eveline," alinong'ona, "ni mwanangu?"

"Sijui. Spika ingekuwa nzima tungejua."

Laiti angejiuma ulimi asiseme hivyo.

Ijumaa asubuhi alipanda basi kwenda Njombe, akaenda Yakobi. Bibi Letisia alikuwa uani anapukuchua mahindi. Hakumkaribisha kiti.

"Jina la nani lile, bibi?"

"La mtu yeyote. Pale pana nafasi tu. Inamsubiri atakayeitengeneza vizuri, maana anayeitengeneza vizuri ndiye husomwa. Mume wangu aliitengeneza vizuri sana." Alitupa gunzi pembeni. "Nikatafuta fundi mbovu kuliko wote, aiharibu inyamaze. Njombe nzima walinitajia wewe. Hata kuharibu umeshindwa."

"Nifanyeje?"

"Iache ikwaruze. Itakuchosha, lakini haitaua. Isiguswe na mkono unaojua kazi."

Hapo ndipo Joackim alipomkumbuka mkewe. Alikimbia. Mzee mzima alikimbia mpaka stendi, kila dakika akipiga simu, simu inaita bila kupokelewa. Fidelia akiwa kazini huwa haisikii. Basi lilikuwa linatambaa kwenye ukungu, limefika mashamba ya chai ya Kibena, simu ilipopokelewa. Saa kumi kasoro dakika mbili.

"Mama Eveline, usiiguse ile redio."

"Umechelewa." Sauti yake ilikuwa na furaha, na hilo ndilo Joackim analolia nalo mpaka leo. "Nimeibandua gundi yako yote kwa maji ya moto. Nimebandika karatasi ya kukatia vitambaa, kwa uji wa ngano. Huoni hata pamepasuka wapi. Na jina langu nimeandika, kwa chaki, kama mafundi wako."

"Lifute! Toka humo ndani!"

"Ngoja. Inanukia." Akashusha sauti. "Inapata moto."

"Fidelia, toka!"

"Kama ni mwanangu, nataka nijue."

Nusu dakika. Abiria walikuwa wakimtazama. Kisha akaisikia kupitia simu, safi, bila mkwaruzo hata mmoja.

"Fundi Joackim Mgaya wa Makambako anasikitika kutangaza kifo cha mkewe, Fidelia."

"Baba Eveline," dada yangu alisema, karibu anacheka, "mbona wananitaja mimi?"

Simu haikukatika. Kitu kilianguka. Baada ya hapo Joackim alisikia redio tu, ikiwapa habari ndugu, jamaa na marafiki.

Tulimkuta kwenye mkeka, sindano bado imechomekwa kifuani mwa blauzi. Daktari alisema moyo. Sisi tulipanga kuzika saa sita Jumamosi, lakini mchungaji alikwama njiani kwa ukungu. Udongo wa kwanza uliingia kaburini saa nane kamili.

Msiba ulipokwisha nilimsukuma Joackim pembeni, sikutaka hata kumtazama, nikafungua mgongo wa ile redio mwenyewe. Jina lake la wino mnene lipo, na mbele yake hakuna kitu. Chini yake kuna jina la dada yangu kwa chaki ya bluu ya cherehani, mwandiko wake ninaoujua tangu tukiwa darasa moja. Nimelifuta kwa kitambaa cha maji mara tatu. Chaki haitoki. Na mbele ya jina kuna tarehe ya Ijumaa ile, kumi na saba mwezi wa saba. Nyumba ile haikuwa na penseli, nimepekua kote. Tarehe imeandikwa kwa penseli, na kila saba imekatwa kistari katikati.