Tuta Ambalo Kui Hakulitaja

Siku za shule, Kui aliamka saa kumi na moja alfajiri, akavaa raba zake na kumkuta mama yake tayari amesimama mlangoni. Kati yao palikuwa na kamba fupi, haizidi urefu wa mkono. Mama alishika ncha moja, Kui akashika nyingine, kisha wakaanza kukimbia polepole katika barabara za mtaa wa Buruburu kabla magari hayajawa mengi.

Mama yake, Teresiah, alifanya kazi ya kupokea simu katika ofisi moja mjini. Alikuwa amepofuka kwa ugonjwa wa presha ya macho Kui alipokuwa na miaka sita. Kazi ya Kui ilikuwa kusema kila alichokiona mbele yao: tuta baada ya hatua tatu, kona ya kulia, dimbwi, mbwa aliyelala. Alipochoka, aliweza kupunguza mwendo, lakini hakuruhusiwa kunyamaza.

Walikuwa wakijiandaa kwa nusu marathoni, kilomita ishirini na moja, umbali ambao hakuna kati yao aliyewahi kuukimbia. Waandaaji walisita kumkubali mwongozaji wa miaka kumi na minne. Daktari alipompima Kui na kuridhika, walikubali kwa sharti moja. Kocha Javan, aliyekuwa amewafunza kwa miezi minane, angewafuata kwa baiskeli, na Kui akishindwa, yeye angeishika kamba. Kui alimpenda kocha, ila sharti hilo hakulipenda hata kidogo. Alikuwa amewaambia wenzake wa Gredi ya Tisa kwamba yeye na mama yake wangevuka mstari wa mwisho pamoja.

Siku ya mbio, Jumapili, walianza vizuri. Mama alipumua kwa utulivu na hata alitabasamu waliposhangiliwa na watu waliosimama kwenye roshani za nyumba zao. Walipita kilomita ya tano, kisha ya nane. Karibu na mtaa wa Fedha, huko Embakasi, palikuwa na kituo cha maji. Kui alinyoosha mkono kuchukua chupa, akakanyaga nyingine iliyokuwa imetupwa chini, na mguu wake wa kushoto ukapinduka. Maumivu yalipanda kutoka kwenye kifundo hadi gotini.

"Kuna nini?" Mama aliuliza.

"Hakuna kitu. Nimeteleza tu."

Waliendelea. Kwa kilomita mbili Kui alijilazimisha kukanyaga kama kawaida. Kocha Javan alipowafikia na baiskeli yake, aliwaangalia kwa makini, akamuuliza Kui kama yuko sawa. Ilikuwa nafasi nzuri ya kusema. Kui alifikiria kamba ikiwa mkononi mwa mtu mwingine, na yeye akipelekwa kwa gari kama mzigo. Akajibu kwamba yuko sawa, na kocha akatangulia kuwasubiri kwenye kituo kilichofuata.

Baada ya hapo mambo yalizidi kuwa mabaya. Kifundo kilivimba hadi raba ikaanza kumbana. Kila hatua ilikuwa kama kukanyaga msumari. Mama alimuuliza tena, safari hii kwa sauti ya chini, mbona kamba ilikuwa inamvuta upande mmoja. Kui alimwambia kwamba barabara ilikuwa imeinama. Lakini barabara ilikuwa tambarare. Mama akaendelea kukimbia.

Katika kilomita ya kumi na tano, upande wa kulia, koni za plastiki ziliwatenganisha wakimbiaji na magari. Malori na matatu yalipita karibu sana, na upepo wake uliwapiga usoni. Kui alikuwa akihesabu hatua ili asahau maumivu. Macho yake yalikuwa chini, kwenye mguu wake mwenyewe. Aliliona tuta likiwa tayari limefika.

Hakupata muda wa kulitaja. Mama alijikwaa, kamba ikachomoka mkononi mwa Kui, na Mama akaanguka kwa magoti na viganja, akabingirika hadi kwenye koni. Koni mbili zilianguka. Lori lilipiga honi ndefu na breki zake zikalia. Kui alimrukia mama yake, akamshika mabega na kumvuta nyuma kwa nguvu zake zote. Lori lilipita. Dereva alichungulia dirishani, uso wake umejaa hofu, kisha akaenda zake.

Mama aliketi kando ya barabara. Goti lake lilikuwa likitoka damu. Kocha Javan, aliyekuwa mbele kidogo, alirudi mbio, akaiangusha baiskeli na kuuliza nini kimetokea.

Kui angeweza kusema kwamba mtu fulani aliwagonga. Wakimbiaji wengi walikuwa wakipita, na hakuna ambaye angebisha. Alimtazama mama yake, aliyekuwa amegeuza uso kuelekea kwake akisubiri, kama alivyosubiri kuelezwa njia kila asubuhi.

"Ni mimi," alisema. "Niliumia mguu kule Fedha nikaficha. Nilikuwa naangalia mguu wangu, sikuangalia barabara. Nisamehe, Mama. Nisamehe na wewe, kocha."

Kocha hakumkaripia. Alimvua raba, akaona uvimbe, akatikisa kichwa. Wahudumu wa huduma ya kwanza walifika, wakaosha goti la Mama na kulifunga, kisha wakamfunga Kui mguu kwa bendeji.

"Mama Kui, tuishie hapa?" kocha aliuliza.

Mama alikunja goti, akalinyoosha, akalikunja tena. Akaomba apewe kamba.

Kui alipelekwa kwa gari hadi uwanjani, mahali mbio zilipoishia. Alikaa kwenye benchi akitazama lango. Kila aliyeingia hakuwa mama yake. Baada ya saa moja hivi aliwaona, Mama akichechemea kidogo, kocha akisema naye bila kukoma. Walivuka mstari baada ya saa tatu na dakika nne. Kui alilia, na hakujua kama ni kwa furaha au kwa aibu.

Mama aliongozwa hadi kwenye benchi, medali ikining'inia shingoni. Aliketi karibu na binti yake.

"Nataka ujue kwamba na mimi nina kosa," alisema. "Nilisikia kwenye kamba kwamba unachechemea. Nilitaka sana kumaliza, kwa hiyo nilikubali jibu nililojua si la kweli. Lakini nikiwa barabarani, Kui, sina kingine cha kuona nacho ila maneno yako. Ukinidanganya jambo dogo, sijui tena nikanyage wapi. Ungesema kule Fedha, tungebadilishana kamba kwa dakika moja, na damu isingemwagika. Kuumia si aibu. Mtu akiumia, husema mara moja, ili wanaomtegemea wajue la kufanya. Siku nyingine utasema?"

"Nitasema, Mama."

"Basi anza sasa. Niambie panauma wapi, na kwa kiasi gani."

Kui alimshika mkono, akauweka juu ya bendeji, akaanza kumweleza yote bila kupunguza chochote.