Mivuto Mitatu

Asubuhi ile Mwadi aliamka na jambo moja tu kichwani: mashine ya kufulia ifanye kazi kabla mvua haijashuka. Aliwapa watoto uji, akawasukuma wakubwa waende shule, akambakiza Falonne, kitindamimba wake, kwa sababu ya kikohozi. Kisha akafagia uani, akamsubiri fundi wa bomba. Ilikuwa siku kama siku nyingine zote. Wingu lilikuwa limesimama upande wa mgodi wa Mashamba, jirani anatwanga pondu, yale majani ya muhogo, redio inasali.

Kasulo si mtaa kama mitaa mingine ya Kolwezi. Kwingine kila nyumba ina jiko lake. Kasulo kila nyumba ina shimo lake. Watu walichimba kobalti sebuleni, chumbani, chini ya kitanda walicholalia. Mume wa Mwadi, Polycarpe, alichimba katika chumba cha nyuma pamoja na mdogo wake Mechack. Aliweka mlango wa chuma wenye komeo upande wa nje tu. Usiku wezi waliingia kwa mahandaki ya majirani, na komeo lile liliwazuia wasipenye ndani ya nyumba.

Mechack ndiye aliyekuwa akishuka, Polycarpe akishika kamba juu. Chini huko sauti haifiki, kwa hiyo kamba ndiyo iliyosema. Mvuto mmoja: simama. Miwili: gunia limejaa. Mitatu: nivuteni mimi. Na aliyesikia lazima ajibu kwa idadi ileile, ili mwenzake ajue amesikika. Mtu asipojibiwa, hasogei.

Masika iliyopita udongo uliporomoka. Kamba ikavutwa mara tatu. Polycarpe akajibu mara tatu, akavuta kwa nguvu zake zote, kamba ikaja nyepesi. Mwisho wake ulikuwa umekatika.

Maiti haikupatikana. Mama mkwe kule Lubudi alikataa kilio kisikaliwe. Mtoto wake hakuonekana, basi hakufa, na nguo zake zisifuliwe, maana kwao nguo za mtu hufuliwa siku ya kumaliza kilio. Polycarpe alimwaga zege mdomoni mwa shimo watoto wasije wakatumbukia, akaacha kuchimba, akatafuta kibarua cha kupakia malori. Mfuko wa nguo za Mechack ukabaki kwenye msumari, humohumo chumbani.

Mwadi hakuwa mtu wa kulia juu ya mfuko. Yeye alizitazama nyufa. Kulikuwa na ufa ukutani ambao aliufunika kwa kalenda, na sasa ufa ulikuwa umeipita kalenda. Nyumba ilikuwa inakaa juu ya utupu. Alitaka kuwatoa watoto wake humo, basi. Alikuwa akifua shuka za nyumba moja ya wageni mjini. Kwa mashine angefua nyingi zaidi, na kiangazi wangehamia mahali ambapo ardhi ni ardhi. Mashine aliipata ikiwa imetumika. Kisanduku cheupe cha kutibu maji alitumiwa na wifi yake Tatiana kutoka Lubumbashi. Kinafungwa ukutani, maji yanapita ndani yake kabla ya kuingia mashineni, na nguo zinatakata kwa maji baridi na sabuni kidogo. Kina taa moja. Maji yakipita, inawaka kijani.

Tangu kifungwe ukutani mwa chumba kile cha nyuma, haikuwaka kijani hata siku moja. Ilipepesa nyekundu. Mara tatu, kimya. Mara tatu, kimya.

"Ikipepesa tatu inasema mayi haifike," Tatiana alimweleza kwa simu. "Angaria tiyo ya bomba, wifi."

Fundi, Tata Stany, alikuwa mtu mnene mwenye maneno mengi. Alizungusha mpira wa maji, akagongagonga, akatikisa kichwa.

"Mama Falonne, hii kisanduku yako iko na kiburi sawa bibi harusi. Mayi iko, lakini inakatala kunywa."

"Tata Stany, usiitukane, itasikia. Tengeneza tu."

Alifungua kichujio kidogo kinachokaa mahali mpira unapoingia kwenye kisanduku. Kilikuwa kimeziba kwa tope la kijivu, laini kama unga, lenye chembe za kijani.

"Tanki ya juu ya mabati mulisafisha lini?"

"Juzi. Kwa mikono yangu."

"Basi hii tope ya shimo inatokea wapi?"

Mwadi alikipokea. Alikiosha kichujio, akamrudishia. Stany alibadilisha mpira, akaurefusha mwingine, akafunga robine, ile koki ya ukutani, ili akaze viungo. Robine ikiwa imefungwa kabisa, taa ikawaka kijani.

Walitazamana. Kijani maana yake maji yanapita.

"Inapita kwenda wapi?" Stany aliinama, akapapasa sakafu. Zege lilikuwa kavu. Alicheka, lakini kidogo. "Pengine ni upepo. Kuko upepo ndani ya tiyo. Tutaitosha."

Mwadi alitafuta cha kujaribia. Mashine ngeni haijaribiwi kwa shuka za wateja. Zikichafuka, kazi imekwisha. Macho yake yakaenda kwenye msumari. Mama mkwe yuko Lubudi, na shati ni shati. Akamimina mfuko wa Mechack mashineni: suruali iliyochakaa magotini, fulana, na shati la kijivu ambalo yeye mwenyewe alilishona kifungo cha shingoni kwa uzi wa buluu, kwa sababu siku ile uzi mweupe ulikuwa umekwisha. Akafunga mlango wa kioo. Ukajibana: tak.

Taa ikapepesa. Tatu, kimya. Tatu, kimya.

"Minakusikia, mama, minakusikia," Stany alikiambia kisanduku, akiigiza sauti ya bibi harusi. Akashika robine. Ili kutoa hewa, fundi hufungua na kufunga kwa nguvu. Akafungua, akafunga. Akafungua, akafunga. Akafungua, akafunga.

Mara tatu.

Bomba likatetemeka ukutani. Kisha maji yakaja, mengi, na taa ikatulia kijani. Mashine ikaanza kuzunguka. Falonne, aliyekuwa ameketi juu ya beseni, akapiga makofi.

"Si minakuambia?" Stany alisema, akichukua koti lake. "Ngoja nipande nione kama tanki inajaa."

Mvua ilishuka alipokuwa kwenye ngazi. Ilishuka yote kwa pamoja, kama changarawe juu ya mabati. Jiwe lililoshikilia mlango wa chuma ubaki wazi lilikuwa kubwa. Mwadi huliviringisha kwa mikono miwili. Alilisikia likisogea. Mlango ukajifunga. Komeo likaanguka mahali pake.

"Tata Stany!"

Mvua ilimeza sauti yake. Alipiga chuma kwa kiganja, kisha kwa kopo. Hakuna. Akajiambia: mtu yuko nje, atashuka, atafungua. Hakuna cha kuogopa. Akageuka.

Mpira wa maji ulikuwa umenyooka.

Mpira hulegea, hujikunja. Huu ulikuwa umekazika kutoka kwenye kisanduku hadi mashineni, kama kamba yenye mzigo. Ulikuwa ukilia. Skrubu za kisanduku zikaanza kutoka ukutani, na unga wa matofali ukadondoka. Kitu kilikuwa kinavutwa. Au kinapanda.

Mashine ikasimama.

"Mama," Falonne alinong'ona. "Mayi."

Yalikuwa yanatoka kwenye zege. Hakuna ufa, hakuna tundu. Zege lilikuwa linatoa maji kama ngozi inavyotoa jasho. Maji baridi, ya kijivu, yenye harufu ya udongo wa ndani kabisa. Yakafika kwenye vifundo vya miguu. Akambeba Falonne. Yakafika magotini. Chumba hakikuwa na dirisha. Polycarpe aliliziba mwenyewe, kwa ajili ya wezi.

"Mama, ile shati iko na mutu."

Mwadi hakutaka kutazama. Akatazama.

Nyuma ya kioo, nguo hazikuwa zimelala. Shati lilikuwa limejaa. Lilikuwa limejikunja, mabega yamebanwa juu, mkono mmoja umeegemea kioo, kama mtu aliyekaa mahali pasipomtosha. Mkono wa shati ulifika mwisho. Hakukuwa na kitu baada yake. Lakini kioo kilikuwa na ukungu, na ukungu ulikuwa unakuja na kuondoka.

Taa. Nyekundu. Tatu, kimya. Tatu, kimya.

Hapo ndipo alipoelewa. Taa haikuwa imeomba maji hata siku moja. Ilikuwa imeomba kuvutwa. Na leo imejibiwa.

"Mechack," alinong'ona. "Baba mudogo wa batoto. Mi siko na nguvu ya kukuvuta."

Mpira ukakazika zaidi. Maji yalikuwa kiunoni. Falonne alikohoa, akazungusha mikono shingoni mwake. Mwadi alijua kijana yule alikuwa mwema. Alijua alikuwa akiwaletea watoto karanga. Alijua pia kwamba chumba kilikuwa na nafasi ndogo, na kwamba anayepanda hupanda juu ya kitu, hata kama ni mtoto.

Akaishika robine. Akaifunga. Polepole, mpaka mwisho.

Mara moja.

Simama.

Taa ikazimika. Mpira ukalegea. Nyuma ya kioo shati likaishiwa pumzi, likaanguka. Na kutoka chini ya zege, chini sana, kukatoka sauti kama ya mtu anayeketi.

Aliyefungua mlango alikuwa Polycarpe, amelowa chapachapa, Stany nyuma yake akiapa kwamba hakusikia kitu. Walimkuta Mwadi amesimama pembeni, mtoto begani. Maji hayakuwapo. Sakafu ilikuwa kavu. Nguo ya Mwadi ilikuwa imelowa mpaka kiunoni, na mstari wa kijivu umeizunguka kama mkanda. Polycarpe alipofungua mashine, haikuwa na kitu ndani. Hata uzi.

Alimsikiliza mkewe mpaka mwisho.

"Ulimuambia asimame."

"Njo vile. Nilikuwa na mutoto mukononi, Polycarpe. Ungefanya nini?"

"Na yeye, alikujibu?"

"Hapana."

Polycarpe alipangusa uso. "Basi haiyaisha. Mutu wa chini anajibuaka kila mara."

Hawakungoja kiangazi. Shemeji mmoja wa mbali aliwapa chumba nje ya mji, kidogo, chenye ardhi ngumu. Siku ya kuhama haikuwa na wingu hata moja. Mwadi aliking'oa kisanduku ukutani, akakikausha, akakiweka kwenye kikapu. Kitu kizuri hakitupwi, na Tatiana angekiuliza. Walipakia vitanda, masufuria, mashine. Tharcisse, dereva wa kikamyuni, lori dogo la kukodi, alitania kwamba mama huyu angebeba hata kuta kama zingetoka.

"Kuta ubakie nazo weye, tata," Mwadi alisema, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile akacheka. Akapanda mbele, Falonne kwenye goti moja, kikapu kwenye jingine.

Tharcisse akawasha. Injini ikakubali. Gari likajongea hatua chache kuelekea barabarani.

Mwadi akahisi ubaridi pajani. Akatazama. Kikapu kilikuwa kinadondosha maji, tone kwa tone, ya kijivu. Akafunua kitambaa.

Kisanduku hakikuwa na waya. Hakikuwa na bomba. Taa yake ikawaka.

Mara moja.

Kisha kimya. Mtu wa chini alikuwa amejibu: simama.

Injini ikafa. Tharcisse alizungusha ufunguo, akazungusha tena, akatukana taratibu. Nyuma ya gari, juu ya mzigo, alikuwa Polycarpe. Kupitia kidirisha alikuwa ameiona taa. Alikuwa anaitazama mikono yake, pale kamba ilipomchubua masika ile.

Falonne akanong'ona, "Mama, tunaenda?"

Mwadi akafunika kikapu. Kisha akafungua mlango.

"Mushushe bitu," alisema.

Jioni, wamerudi ndani ya nyumba ileile, alipokifungua kichujio ili akisafishe, kama mtu anavyosafisha kitu atakachoendelea kukitumia, alikuta tope bichi. Katikati ya tope palikuwa na kifungo cha shati. Uzi wa buluu ulikuwa bado umo, umekatwa kwa meno.