Jina Lililotolewa Kwenye Orodha

Asubuhi ile duka la mikate lilifurika watu. Mwokaji, kijana mrefu mwenye unga mpaka kwenye nyusi, alimwona kule nyuma mwanamke wa blauzi ya samawati, akamtambua: mkuu wa kituo cha mitihani ya udereva.

"Bosi, pita mbele nikuhudumie."

"Nimewakuta hawa. Nitangoja."

Akangoja kweli. Alipofika kaunta mikate ilikuwa imekwisha, na mwokaji akajikuta anampa ule aliojiwekea mwenyewe. Mapenzi yana njia zake. Yao yalianzia hapo.

Baada ya miezi sita ikafika zamu ya mwokaji kutahiniwa. Tajiri wake alikuwa amemwahidi gari la kusambaza mikate, aachane na kuungua mikono tanuruni. Akaenda kituoni na shati lililonyooshwa vizuri. Jina lake halikuwamo kwenye orodha. Akampigia mpenzi wake palepale.

"Mpenzi, jina langu liko wapi?"

"Nimelitoa mimi. Utafanyia kituo kingine, baada ya miezi mitatu."

"Gari si atapewa mtu mwingine?"

"Najua, laazizi. Lakini watahini wa hapa wangekupasisha kwa kuniogopa mimi."

"Kwani sijui kuendesha?"

"Unajua sana. Ndiyo maana sitaki mtu aseme ulibebwa."

"Sema tu unaona haya, mkuu mzima na mchoma mikate." Akakata simu.

Gari akapewa mwingine. Mwokaji akabaki na hasira zake, na hasira haina kumbatio. Kila asubuhi alichungulia mwisho wa foleni, asione blauzi ya samawati. Mwanamke naye alizungukia barabara ya pili, kwa kuwa harufu tu ya mkate ilitosha kumliza. Kila mmoja aliishika simu, akaiweka chini.

Siku ya mtihani, mtahini wa kituo kile cha mbali, bibi wa miwani asiyejua kutabasamu, alimpasisha, akamsogezea jalada atie sahihi. Ndani mlikuwa na fomu ya uhamisho. Penye sababu na uhusiano aliona mwandiko anaoujua: "Mtahiniwa ni mchumba wangu." Nakala ilikwenda makao makuu. Machozi yakamlengalenga. Akatoka nje, akapiga simu.

"Nimefaulu."

"Nilijua utafaulu."

"Umewaambia wakubwa wako wote kuwa mimi ni mchumba wako. Nani alikuposa?"

"Hakuna. Fomu iliuliza uhusiano, nikaandika ninachokitamani. Ni uongo pekee niliowahi kuutia sahihi, na umeninyima raha miezi mitatu. Leo nawaandikia barua ya kukiri."

"Usiandike. Nakuja sasa hivi kukuposa, fomu iwe ya kweli."

"Itakuwa kweli kuanzia leo, siyo siku ile niliyoijaza. Barua lazima niandike. Ila njoo haraka, mpenzi, nijue tarehe ya uchumba ya kuweka humo."