Disk Iliyonuka Kuku

Kila asubuhi nikifungua duka langu hapa Majimbo, Embu, kazi ya kwanza ni kupangusa kompyuta kwa kitambaa kikavu. Mimi hupiga chapa barua za kanisa, kadi za harusi, na zaidi sana vile vitabu vidogo vya mazishi, vyenye picha ya marehemu na historia ya maisha yake. Shule niliachia msingi, lakini kupiga chapa najua. Kompyuta yangu ya kwanza ilipochoka nilinunua mpya, na ile kuukuu nikaisukuma stoo, juu ya magunia ya chakula cha kuku. Mende wakaingia ndani yake, wakazaana. Hata kupita karibu na stoo hiyo kulinisisimua mwili.

Msichana wangu Wanja alikuwa na mchezo wa mbio za magari ndani ya ile kuukuu. Kwenye kompyuta mpya mchezo huo ulikataa kufunguka. Mwenda, kijana wa jirani ambaye anajua mambo yote isipokuwa kazi yake ya shule, akamwambia, "Si utoe disk ya ile mzee uiweke kwa hii mpya? Ni skrubu tu. Ama unaogopa mathe?" Mathe ndiye mimi.

"Nani anaogopa?" Wanja akasema.

Hayo niliyajua baadaye. Siku hiyo ya likizo nilikuwa nimetoka kwenda kununua karatasi. Wanja akafungua kompyuta mpya, akatoa disk yake, kile kisanduku chembamba kinachohifadhi kazi zote, akaenda kuificha ndani ya ile kuukuu kule stoo. Disk ya zamani akaichomeka mahali pake. Hata vumbi hakuifuta.

Niliporudi nilikuta kioo kimegeuka buluu, kimejaa maandishi meupe. Kompyuta ikajizima, ikawaka, ikarudi pale pale kwa buluu. Mara moja ilifunguka kidogo, herufi nene kama za watoto wa nasari, lakini kipanya hakikusogea, kibodi haikuandika, na printa ilikuwa kama haipo.

"Wanja, umegusa nini hapa?"

"Si mimi, Mama. Stima ilipotea ikarudi na nguvu. Hata nilisikia ikilia paa."

Nilimwamini. Ni mtoto wangu.

Kabla sijapata fundi, Mzee Njoka akaingia. Alikuwa ametoka Ishiara kuchukua vitabu vya mazishi ya mke wake, Mama Virginia, na mazishi yalikuwa kesho yake. Historia yote alikuwa amenisimulia mwenyewe siku chache kabla, ameketi kwa benchi langu, nami nikipiga chapa huku anaongea. Haikuandikwa mahali pengine popote.

"Mama Wanja, vitabu viko tayari?"

Nikamweleza. Akakaa, akaweka kofia yake magotini.

"Basi tutamzika bila," akasema. "Yale maneno siwezi kuyasema tena. Yalinitoka mara moja."

Wanja alikuwa pale kando anakula mandazi. "Pole, Mzee," akasema na mdomo umejaa. "Ni stima. Hata redio ya kina Mwenda iliungua."

Na upande wa pili wa ukuta, redio ya kina Mwenda ilikuwa inaimba. Sote tuliisikia. Mzee Njoka alitazama chini, akamwonea haya mtoto asiyejionea haya. Mimi nikampigia simu fundi wa kompyuta, Gladys.

Gladys alifika, akafungua kompyuta. Unyoya wa kuku ukaanguka mezani, halafu mabawa ya mende, halafu mende mzima mzima akakimbia juu ya karatasi zangu mpya. Gladys akaziba pua.

"Mama Wanja, mashine mpya hivi imeanza kufuga kuku lini?"

"Hii disk si ya hapa," akaendelea. "Ile yenyewe iko wapi?"

Nilimtazama Wanja. Mandazi ilikuwa imesimama shavuni.

"Iko stoo," akasema polepole. "Niliitoa mimi. Stima haikupotea."

"Nenda uilete."

Aliingia stoo peke yake, akatia mkono ndani ya ile kompyuta ya mende, akarudi na disk, machozi na uchafu vimechanganyika usoni. Gladys aliipangusa vizuri, akairudisha mahali pake, na kazi ya Mzee ikafunguka yote, bila kukosa hata neno.

"Sikiza, Wanja," Gladys akasema. "Disk ile ina mfumo wa zamani. Mfumo ndio huamsha kompyuta na kuambia kila kifaa kifanye nini. Ule ulitengenezwa kabla ya vifaa hivi vipya kuwepo, kwa hivyo hauvijui. Kipanya kinaongea, hausikii. Printa inaita, hauitiki. Kama ungeniuliza tu, ningekutafutia njia ya kucheza mchezo wako bila kugusa kazi ya mama yako."

Printa ilipotoa kitabu cha kwanza, bado kina joto, Mzee Njoka alimpa Wanja. "Nisomee pale mwanzo. Macho yangu leo hayafai."

Wanja akasoma jinsi Mama Virginia alivyochunga mbuzi akiwa msichana, na jinsi alivyoimba akichota maji. Sauti ikamkatika. "Nisamehe, Mzee."

"Nimekusamehe," Mzee akasema. "Lakini nilipokaa kwa benchi hili nikidhani nimempoteza mara ya pili, wewe ulikuwa unajua aliko. Ukaniambia pole. Kuharibu kompyuta ni utoto. Ile pole yako ndiyo usirudie kumpa mtu."

Akavaa kofia yake, akabeba vitabu, akaenda.

Ile mandazi Wanja aliiacha mezani. Niliitupa, hata kuku sikuwapa. Kisha nikampa ndoo, sabuni na ufagio, akasafisha stoo mpaka ukuta ukaonekana rangi yake. Nyinyi watoto mnaosoma haya, mkiharibu kitu cha watu, semeni siku hiyo hiyo, mkiwa bado mnatetemeka. Fundi wa kompyuta tunaye hapa Majimbo. Fundi wa kumfutia mzee ile pole ya uongo aliyosikia kwa benchi langu, mimi simjui.