Kiti cha Bibi Ottilie

Funga mlango kwanza. Weka mkono kifuani, apa kwa roho ya mama yako kwamba hili halitoki hapa jikoni. Hata mumeo usimwambie. Tena mumeo ndiyo kabisa, maana yule akinywa bia moja tu mji mzima wa Saginaw unajua. Umeapa? Haya. Na nikicheka usinishangae. Mi mdomo wangu ndivyo ulivyo, hata msibani nilitolewa nje.

Ilikuwa Jumatano, kesho yake Sikukuu ya Shukrani. Saa kumi na nusu jioni, kiza cha Novemba kinashuka, Duane kanipitia twende kwa mfugaji kuchukua bata mzinga. Duane mtoto wa marehemu kaka yangu, yule bonge muuza mazulia. Kaja na lile gari.

Sasa gari, mwanangu. Jeusi, milango minne, refu, linang'aa mpaka unaona meno yako. Kakanyaga mafuta, tumbo langu likabaki kwenye geti.

"Shangazi, gusa kiti," kaniambia. "Kinapata joto."

Nikakalia. Jamani. Kama umekalia mkate uliotoka ovenini sasa hivi. Nikacheka mpaka nikakohoa.

"Kwenye taa za barabarani vijana wananiamkia," kasema. "Wauza mazulia wote pale kazini sasa wananiita bosi. Ndani humu hata lori likipita husikii."

"Na mafuta?"

"Linakunywa."

"Kama mjomba wako. Na matairi haya ya kiangazi, theluji ikianguka utaenda wapi?"

"Kwenye mtaro," kasema, tukacheka wote.

Balbu moja ikiungua mpaka fundi afungue uso mzima wa gari. Shimo moja la barabara zetu hizi, rimu imekwenda. Lakini ukimwambia hasikii. Alikuwa anaupapasa usukani kama shavu la mchumba.

Gari lenyewe alilipataje? Ngoja. Alikufa Bibi Ottilie Ziegenbein, kikongwe kidogo hivi, miguu haifiki sakafuni akikaa, na gari la mbio namna ile. Kila jioni alikuwa analitoa, anazunguka, anarudi. Basi kafa, nyumba ikafunguliwa watu tukanunue vitu vyake, tukapanga foleni, tukapekua mpaka droo za chupi. Unajua zetu: Jumamosi bei kamili, Jumapili nusu bei. Na unajua ujanja wetu. Ukipenda kitu Jumamosi unakificha, Jumapili unarudi kukichukua. Mi mwenyewe sufuria niliitia chini ya kitanda cha marehemu.

Duane kaficha gari.

Utafichaje gari? Kachukua ufunguo, katia mfukoni. Jumamosi wakaja wanunuzi wa maana, gari haliwaki, wakaondoka. Jumapili Duane huyoo, "kaokota" ufunguo chini ya zulia. Nusu bei.

Na pesa ile ilikuwa ya nani? Ya Hedwig, dada wa marehemu, mgonjwa wa miguu. Gari likiuzwa vizuri anapata chumba chake mwenyewe kwenye nyumba ya wazee kule kando ya mto. Lisipouzwa vizuri, wodi ya vitanda vinne, ale anacholetewa, akojoe anapoambiwa.

Na Hedwig alimwona. Alikuwa kakaa jikoni, kwenye kiti ambacho nacho kimeshabandikwa bei.

"Umechukua ufunguo wa dada yangu," kasema, polepole.

"Ufunguo gani, bibi? Macho yako hayo paka anaonekana simba."

Nilicheka. Sikufichi, nilicheka sana.

Hedwig hakukasirika. Kasema tu, "Basi mbebe. Jioni hapendi kukaa ndani."

Haya, turudi barabarani siku ile. Tumetoka mjini, mashamba huku na huku, jua limezama. Mi nimefunga mkanda, yeye kafunga wake. Mara...

Ting.

Taa nyekundu mbele yake. Kiti cha nyuma. Abiria hajafunga mkanda.

Nyuma hakuna mtu. Bata bado hatujamchukua.

Ting... ting...

Duane kasimamisha gari pembeni. Kashuka, kafungua mlango wa nyuma, kavuta mkanda, kaufunga kwenye kiti kitupu. Kelele ikanyamaza.

"Nini hicho?" nikamwuliza.

"Nafanya hivyo kila jioni," kaninong'oneza. "Wiki iliyopita alikuwa anakaa kule nyuma yako. Leo yuko nyuma yangu."

"Nani?"

Nikageuka. Mkanda, mwanangu, haukulala kwenye kiti. Ulikuwa umesimama... umepinda, kama umepita juu ya kifua cha mtu mdogo. Na ikaja harufu. Poda ya maua na pipi za kikohozi.

Halafu nikasikia: mmmmm.

Kiti cha Duane kinasogea mbele. Chenyewe. Vioo vya pembeni vikainama, vikaangalia chini, kama vya mtu mfupi. Kitambi chake kikagusa usukani. Kabonyeza kitufe, kikarudi.

"Fundi kafuta kumbukumbu ya kiti, ile inayoshika saizi ya dereva, mara tatu," kasema, jasho linamtoka. "Kila siku kinazidi upana wa kidole."

"Duane. Kalirudishe hili gari kwa Hedwig."

"Nimelipenda, shangazi."

"Na lenyewe limekupenda. Kalirudishe."

Tukaendelea mpaka kwa mfugaji. Wakati wa kurudi kaniapia: kesho, saa tisa, jua lingali juu. Bata nilimpakata mwenyewe. Nyuma sikutaka kumweka.

Kesho yake saa tisa kaondoka kweli. Mkewe Noreen alikuwa kwangu tunamenya viazi. Mwendo wa dakika kumi tu mpaka kwenye nyumba ya wazee. Lakini kapitia kituo cha mafuta, eti asimrudishie mtu gari kavu. Na pale kamkuta shemeji yake Curtis na pikapu mpya.

"Nasikia unalirudisha," Curtis kamwambia. "Kumbe gari limemshinda mwanaume, limewezwa na ajuza."

Ndo basi. Ungemwambia Duane mamake mchawi angevumilia. Hili hakuvumilia.

"Mpaka Bay City," kasema. "Mara moja tu. Uone taa zangu za nyuma."

Wakajibizana pale mpaka jua likaanza kuinama, ndipo wakakimbizana mpaka huo mji wa jirani. Duane kashinda, tena mbali. Curtis anasema alipopitwa alimwona anacheka. Kampigia simu kumtania: "Mkeo ndo umemkalisha nyuma kama mzigo?"

Simu ikakatika.

Noreen alikuwa kwangu. Kisu mkononi.

Saa kumi na moja jua likazama. Bata kapoa. Saa kumi na mbili simu ikalia, nyumba ya wazee. Kuna gari limeegeshwa chini ya dirisha la Hedwig, katikati ya mistari, sawasawa, injini inanguruma kidogokidogo. Njooni.

Tulikwenda. Mi ndo nilifika wa kwanza.

Kiti kilikuwa mbele kabisa. Saizi ya kikongwe ambaye miguu haifiki chini. Kati ya kiti na usukani nafasi ya kiganja changu hiki. Na Duane alikuwemo humo humo. Mtu wa kilo mia na ishirini, kakunjwa kama shati. Mkanda kafungwa vizuri. Macho wazi. Waliomtoa walitumia vyuma, na hawakumtoa kwa mara moja.

Daktari kaandika moyo. Fundi kaniambia kimota cha kiti hakina nguvu hata ya kuminya chungwa.

Sasa sogea. Hili ndilo uliloapia.

Alipopokea simu ya Curtis alitazama kioo. Mkanda wa nyuma siku hiyo hakuufunga, alikuwa na haraka ya kushindana. Ting, nyuma. Ting, kiti cha pembeni yake. Ting, kiti chake mwenyewe. Milango ikajifunga. Kaanza kulia, kasema, "Nakurudisha, bibi, haki ya Mungu ndo nakurudisha, nipe nafasi nipumue."

Sauti ikamjibu sikioni, "Nafasi yangu ndiyo hiyo uliyokalia."

Mmmmm.

Kiti hakikumbana kwa mara moja. Kidole kimoja, kikasubiri. Kila taa nyekundu, kidole kingine. Kutoka Bay City mpaka kwenye lile dirisha ni dakika ishirini, na usukani hakuugusa tena. Alikuwa hai njia karibu yote. Mbavu alizihesabu mwenyewe.

Nani kaniambia? Hedwig. Nilimpelekea keki kule wodini, kitanda cha dirishani, kanisimulia yote huku anatafuna. Nikamwuliza, we uko kitandani, miguu haitembei, umeyajuaje?

Kajifuta mdomo. Kasema, "Dada alikaa hapo hapo ulipokaa."