Majivu Juu ya Theluji

Odile alikuwa bustanini, theluji ikimfika magotini, akitawanya majivu ya jiko la kuni kwa beleshi, simu ilipotetemeka mfukoni. Ujumbe wa mumewe.

“Nipo njiani. Kesho mchana nitakuwa hapo Maine. Fungasha, dalali amepata mnunuzi.”

Akausoma mara mbili, akachota beleshi jingine.

Tangu wamzike mama yake Oktoba, Wendell alitaka nyumba ya marehemu iuzwe, wahamie kwao Georgia, kusini kwenye joto. Odile alikataa. Wakakubaliana: akimaliza majira ya baridi peke yake na kuiandaa bustani ya mama, nyumba inabaki. Wendell akaenda kwao kufanya kazi, akiamini mkewe atampigia akilia kabla ya Krismasi.

Simu hiyo haikupigwa. Januari mabomba yaliganda, akayayeyusha kwa mashine ya kukaushia nywele. Kuni alipasua mwenyewe. Siku nyingine alivaa sweta la mama yake juu ya lake, akalia, kisha akaongeza kuni.

Sasa Mzee Hervé, jirani, alikuwa ameegemea uzio akimtazama.

“Binti wa Albertine, umewahi mno. Mama yako alimwaga majivu ili yavute jua, theluji iyeyuke upesi, lakini si kabla ya theluji ya mwisho. Ikianguka tena, kazi yote imepotea.”

“Nitarudia, mzee wangu. Nimeota moto miezi mitano, majivu hayaniishii.”

Alfajiri theluji ikaanguka tena. Wendell aliposhuka kwenye gari mchana, alikuta uwanja mweupe kama shuka.

“Bustani yenyewe iko wapi?”

“Iko chini.”

“Odile mke wangu, hapa hakuna kitu. Twende.”

Odile alimwingiza jikoni. Dirishani palijaa miche ya vitunguu kwenye maboksi ya maziwa, na juu ya meza mbegu za njegere za marehemu, ndani ya bahasha zenye mwandiko wake.

“Ulikubali mwenyewe,” Odile akasema. “Kisha ukamtafuta dalali kwa siri. Uliogopa nitashindwa, au uliogopa nitaweza?”

Wendell akavua kofia, akakaa.

“Niliogopa utaweza. Nikasema, akiweza bila mimi, ananihitajia nini?”

“Kuweza nimeweza. Lakini mezani nilikuwa naweka vikombe viwili kila siku, mjinga wewe.”

Wendell akampigia dalali kumwambia nyumba haiuzwi. Akachukua ndoo ya majivu, akatoka. Beleshi la kwanza alilirusha kuelekea upepo, majivu yote yakamrudia usoni. Odile akacheka, kwa mara ya kwanza tangu Oktoba, hadi akashika uzio.

“Mgeni wa baridi huyo,” Hervé akasema kutoka kwake.

Theluji ikayeyuka kwao kabla haijayeyuka kwa jirani yeyote. Kwenye mlango wa banda la zana, marehemu aliandika kwa penseli kila mwaka siku aliyopanda njegere. Ya mapema kuliko zote ilikuwa Aprili ishirini na moja.

Walipofukia mbegu ya mwisho, Wendell akamkabidhi Odile penseli.

“Andika. Na jina lako, watu wajue ni nani.”

Akaandika chini ya mwandiko wa mama yake: Aprili kumi na tisa. Odile.