Mwisho wa Kirusi

Aksel Thorngren alipoanguka zuliani saa nne na dakika ishirini asubuhi, studio nzima ya filamu ya Valby ilimpigia makofi. Gerda, mtunza vifaa, ndiye aliyeanza. Hajapata kufa vizuri namna ile! Kamera iliendelea kuzunguka mpaka mwongozaji Krag alipomwambia ainuke, naye hakuinuka.

Ebba Lindskov, aliyeigiza naye miaka kumi na moja, alishuka ngazi mbio, gauni jeusi likiburuza, akamwangukia kifuani.

Inspekta Bregnholt alinusa bilauri aliyonywea Aksel. Sumu.

"Nani kaijaza?"

"Mimi," alisema Gerda. "Maji ya zabibu tu. Nikaiacha mezani, nikaenda kutafuta maua ya jeneza."

"Na jana alikuita mzembe mbele ya watu."

"Loo! Kwani nani hajaitwa mzembe na yule? Ningeua kwa hilo, angekuwa kafa mara mia!" Kisha akaangua kilio, maana polisi alishatoa pingu.

Krag aliingilia. "Filamu ina miisho miwili. Kwenye ratiba tungeanza na mwisho wa furaha: Ebba, na gauni jeupe, anampokonya bilauri na kuimwaga. Saa tatu na robo wingu likatanda, na furaha inataka jua. Nikasema tuanze na mwisho wa kuwauzia Warusi, wapendao msiba: Aksel anywe afe. Tuliojua ni mimi, mpiga picha, Aksel na Gerda."

Mwisho wa furaha ungemwaga sumu bure. Aliyeitia alijua ratiba imebadilika. Macho yote yakamgeukia Gerda, masikini.

"Bi Ebba," Inspekta aliuliza, "wewe nani alikwambia?"

"Hakuna. Nilikuwa juu nikisubiri mwisho wa furaha. Nikasikia kelele, nikashuka."

"Na hilo gauni jeusi la ujane? Lina vifungo vingapi?"

Ebba alijitazama.

"Ishirini na nane," Krag alijibu kwa sauti ndogo. "Havifungwi mtu akisikia kelele."

"Aksel alinigongea mlango, akaniambia nibadilishe," Ebba alisema hatimaye. "Muungwana, eti! Mkataba wa filamu za Berlin katia saini peke yake, akawaambia wenye studio kule uso wangu umechoka. Alikuwa seremala wa jukwaa! Kutembea nimemfundisha mimi, kulia nimemfundisha mimi. Nikavaa, nikapita nyuma ya pazia Gerda alipokwenda kutafuta maua."

"Ungevaa jeupe, tungemfunga Gerda."

"Sijawahi kushuka na gauni lisilo la tukio lake."

Pingu zikahamia kwake. Gerda hakushukuru. Alikuwa akiitazama mikono yake.

"Pale zuliani Aksel alikuwa akituomba msaada, Inspekta," alisema. "Na mimi nikampigia makofi."